Yah: Ombi la Kuhesabiwa Dabo

Mkuu wa Idara ya Kusitisha Huduma,
Kampuni ya Programu,
Ughaibuni.

Mheshimiwa Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la kampuni yako silitaji. Si kwa woga, ni kwa kulipa fadhila: katika barua pepe mliyonitumia mliniita "Mpendwa Mtumiaji", nami nimeona si vyema nikutangulie kwa mazoea. Hata cheo chako nimekibuni, maana barua ile haikuwa na sahihi ya mtu. Lakini kwa ustadi ilivyoandikwa, naamini mna idara nzima inayofanya kazi hiyo, na idara haikosi mkuu.

Kwanza naomba nikupongeze. Mimi ni mtu wa steshenari, hapa Morogoro, na kwa miaka kumi na moja nimechapa barua za kila namna: za kuomba kazi, za kuacha kazi, za mwenye nyumba kumtoa mpangaji, na moja ya mume kumwomba mkewe radhi ambayo ilirudiwa mara nne. Sijapata kuona barua ya kumwacha mtu iliyojaa mapenzi kama yenu. Mlisema mnanithamini. Mlisema tumetoka mbali pamoja. Kisha, sentensi ya nne, mkasema kwamba ili mzidi kunihudumia vizuri, mnaacha kunihudumia. Nilisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na mteja aliyekuwa akisubiri kopi za cheti cha kuzaliwa akaniuliza kama nimefiwa.

Sababu mliyotoa ni kwamba mfumo endeshi wa kompyuta yangu unatumiwa na watu wachache.

Kompyuta yenyewe niitambulishe, kwa kuwa mmeachana nayo bila kuonana. Ni ya mezani, mtumba, ilishuka na kontena, na ubavuni bado ina kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya ilikostaafishwa. Kule walimaliza nayo. Huku ndiyo kwanza iliajiriwa. Mfumo iliokuja nao ulikuwa umefikia mwisho wa kuhudumiwa, leseni ya mfumo mpya ilikuwa na bei ya kunirudisha shambani, na ile mifumo ya bure inayozunguka mtaani kwenye flashi huja na virusi vyake kama kuku na utitiri. Fundi akaniwekea Linux, tawi liitwalo Ubuntu. Neno hilo limetoka kwa ndugu zetu wa kusini mwa bara hili. Kwetu ni utu. Toleo lake la kwanza, la Oktoba 2004, walilipa jina la ngiri. Mwezi Desemba mwaka huohuo, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa kwenye mradi wa Kilinux wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili, tena bure. Nakueleza haya usije ukadhani tuliuokota mfumo huu jalalani.

Programu yenu niliinunua kwa sababu kwenye tangazo, chini ya bei, kulikuwa na picha tatu ndogo: dirisha, tunda lililong'atwa, na ndege pengwini. Pengwini, alama ya Linux, ndiye mimi. Nililipa ya mwaka mzima, na kwa kweli ni programu nzuri, sina ubaya nayo. Imetengeneza kadi za harusi, za kipaimara, za arobaini ya mtoto, vipeperushi vya mkutano wa injili na vya mawaidha, wiki hiyohiyo, juu ya meza hiyohiyo. Juzi nilipokwenda kutazama lile tangazo, pengwini hayupo. Dirisha na tunda vimesogezwa katikati ili pengo lisionekane.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua kwenye ripoti yako haimo.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi jioni. Kamati ya harusi ilikuwa imekuja kuchukua kadi za mwaliko: mia na arobaini, themanini singo na sitini dabo. Kwa ninyi msiochangia harusi: kadi ya singo huingiza mtu mmoja ukumbini, ya dabo huingiza wawili. Mpishi hapewi idadi ya kadi, anapewa idadi ya vichwa. Hili hata mtoto wa darasa la tatu huku analijua, na naomba ulikumbuke kwa sababu nitalirudia. Kadi nilikuwa nimekwisha kuzipanga, maua ya dhahabu pembeni, kila jina mahali pake, bado kuprinti tu. Nikafungua programu. Programu yenu, kama unavyojua, kila mwezi hupiga hodi kwenye seva yenu kuuliza kama mimi bado ni mtu halali. Ikapiga hodi. Kimya. Ikapiga tena. Kisha kikatokea kidirisha cheupe, katikati kabisa ya kioo, kikasema kwamba toleo hili halitambuliwi tena na kwamba ninaweza kufurahia toleo jipya kwenye kifaa kinachokubalika. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja: "Sawa".

Mheshimiwa, nani alichagua neno lile? Hakukuwa na "Si sawa".

Mafaili yangu yapo, nayaona. Yamehifadhiwa kwa muundo mnaoujua ninyi na Mungu, na programu nyingine zote nilizojaribu ziliyafungua kama mtu anayefungua barua ya Kichina: ziliona kwamba ni maandishi, zikaishia hapo. Fedha ya bando niliyotumia kutafuta njia usiku ule ingetosha kununua wino.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye baraghashia ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kugusa kipanya, alikuwa kwenye benchi akinitazama.

"Mwanangu, wamekufungia kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mzee. Wanasema tunaotumia mfumo huu tuko wachache."

"Wachache wangapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye akageuka, akahesabu kwa kidole waliokuwa benchini na waliosimama mlangoni. "Hapa tuko tisa," akasema, kama anayetoa ushahidi mahakamani.

Tuliokolewa na karatasi moja. Mapema wiki ile nilikuwa nimeprinti kadi ya majaribio isiyo na jina. Tukaitoa kopi mia na arobaini kwenye mashine ya kudurufu, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye mwandiko wa zamani akaja na biro mbili akaandika majina mpaka saa tano usiku, kwa chai na maandazi ya mke wangu. Mashine ya kopi haina rangi. Bibi harusi aliomba maua ya dhahabu, akapata ya majivu. Hakusema kitu. Mama yake alisema, na alisema kwangu, si kwenu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kesho yake nikaamua kulalamika kwa utaratibu. Kwenye tovuti yenu kuna fomu. Sehemu ya kwanza, ya lazima, inasema: chagua mfumo wako. Nikabonyeza. Ikashuka orodha: dirisha, tunda. Basi. Yaani siwezi kulalamika kwamba nimeondolewa kwenye orodha kwa sababu nimeondolewa kwenye orodha. Hapo nilisimama, nikavua miwani, nikacheka peke yangu. Mheshimiwa, nimefanya kazi na ofisi nyingi zenye urasimu wa kujivunia, zenye dirisha namba nne linalokurudisha namba moja, lakini ufundi huu sijauona. Nikachagua dirisha, kwa uongo, ili nisikilizwe. Baada ya siku mbili nikajibiwa kwa upendo mkubwa jinsi ya kurekebisha tatizo langu kwenye mfumo ambao sina.

Nirudi kwenye uchache.

Nimefuatilia hesabu zenu zinatoka wapi. Wengi katika fani yenu hutegemea takwimu za aina ya StatCounter, ambao mwaka 2024 walionyesha Linux ikifika kama asilimia nne ya kompyuta za mezani na za mapajani duniani. Na StatCounter, kwa maelezo yao wenyewe, huhesabu kurasa zinazofunguliwa. Si watu. Kurasa. Kijana wa mjini kwenu mwenye intaneti isiyokatika anafungua kurasa mia kabla ya kifungua kinywa, na kila moja ni kura ya mfumo wake. Mimi huwasha intaneti nikiwa na sababu, nikaizima nikimaliza, kwa kuwa bando linaisha. Kwa hesabu hiyo mimi si mtumiaji mmoja hata. Mimi ni kipande cha mtumiaji.

Lakini nina kauntabuku. Jumatatu moja baada ya mkasa ule niliandika kila aliyefanyiwa kazi na mashine hii. Wanafunzi wenye wasifu wa kuombea kazi. Katibu wa kikoba na muhtasari wa kikao, kurasa sita, tano kati ya hizo zikiwa ugomvi. Mjumbe na barua ya utambulisho. Baba mwenye picha ya mtoto aliyetaka apunguziwe giza usoni. Dada aliyekuja kuchapa makubaliano ya kukodi fremu ya saluni, akaondoka, akarudi kuongeza kifungu cha umeme. Jioni nilipopiga mstari walikuwa thelathini na saba. Kwenye vitabu vyenu, siku ile, kompyuta ile ilikuwa mtumiaji mmoja wa mfumo usiopendwa. Mnahesabu mashine, mheshimiwa, hamhesabu foleni. Mmempa mpishi idadi ya kadi.

Na msidhani nawaonea peke yenu. Februari 2016 WhatsApp walitangaza kwamba wataacha kuhudumia BlackBerry, simu za Nokia za S40 na Symbian, na matoleo ya zamani ya Android. Walieleza vizuri, kuliko ninyi: walipoanza mwaka 2009, asilimia 70 hivi ya simu janja zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa na mifumo ya BlackBerry na Nokia, na sasa mifumo ya Google, Apple na Microsoft ilikuwa imeshika asilimia 99.5 ya mauzo. Angalia neno hilo la mwisho. Mauzo. Simu iliyotoka dukani juzi imo kwenye hesabu. Ile iliyotoka dukani miaka sita nyuma, ikabadilishwa kioo mara mbili, ikarithishwa kwa bibi kijijini, haimo. BlackBerry ikafungiwa mwisho wa 2017, S40 mwisho wa 2018. Na aliyefuata ni nani? Simu za Windows za Microsoft, Desemba 31, 2019. Mmoja wa wale watatu waliokuwa ndani ya asilimia 99.5! Alikaa meza kuu wakati wengine wanatolewa ukumbini, hakujua kwamba kadi yake pia ina tarehe.

Kisha kitochi. Wakaja KaiOS, mfumo uliozaliwa kutokana na Firefox OS baada ya Mozilla kuuacha, wakatia intaneti kwenye kisimu cha vitufe, chenye tochi, betri ya siku kadhaa. Google wakaweka dola milioni 22 mwaka 2018. Julai 2019 WhatsApp ikafunguliwa kwa simu hizo kote. Huku zikauzwa kwa sifa hiyohiyo: kitochi, lakini kina WhatsApp. Watu ambao simu janja ilikuwa ndoto wakaanza kutuma sauti, na watoto walio mbali wakaanza kusikia mama anavyokohoa. Juni 25, 2024, mlango ukafungwa kwa anayetaka kuipakua upya, na waliokuwa nayo tayari wakaambiwa nao wajiandae. Ukitaka kujua kitochi kimoja ni watu wangapi, keti sebuleni kwa mwenye nacho saa mbili usiku, usikilize wanavyokipokezana.

Sasa niwe mkweli, maana kejeli ikizidi chumvi hailiki. Najua kazi yenu ina gharama. Kila mfumo unataka mtu wa kuujaribu, na kila toleo jipya huvunja kitu kwenye huu likirekebisha kwenye ule. Najua pia kwamba programu iliyoachwa bila kuzibwa matundu ni kitasa kibovu, na mwizi wa mtandaoni haulizi kama mfumo wako unapendwa. Hata hao Ubuntu, wenye jina la utu, Juni 2019 walitangaza kuacha kabisa vifurushi vya kompyuta za biti 32. Valve, wenye duka kubwa la michezo ya kompyuta, wakasema toleo litakalokosa vifurushi hivyo hawatalihudumia, kelele zikapanda, na ndani ya siku chache Ubuntu wakalegeza, wakabakiza vile vinavyohitajiwa. Dropbox, wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, nao Novemba 2018 waliwafungia watu wa Linux waliohifadhi mafaili kwa namna yoyote isipokuwa moja. Julai 2019 wakaanza kurudisha waliyoyaondoa. Kwa hiyo kumbe milango hii inafunguka. Kinachotakiwa ni kelele, na kelele, tunarudi palepale, hupigwa na wenye bando.

Siombi mnihudumie mpaka kaburini. Naomba mambo ambayo muuza nyanya pale sokoni angeyaona ya kawaida. Mkinifukuza, basi hodi ile ya kila mwezi iacheni. Toleo nililolilipia libaki linafunguka lilivyo, na kilema chake, juu ya hatari yangu mwenyewe. Mtu akihama nyumba hamfuati mpangaji aliyebaki kumng'olea mlango. Pili, nipeni njia ya kutoa mafaili yangu kwa muundo ambao wengine wanausoma. Kadi zile mlichora mistari ninyi, lakini majina ya watu mia na arobaini ni yetu, na wengine ni wajomba.

La tatu ni dogo lakini ndilo linaloniuma zaidi: tarehe. Hao Ubuntu wakitoa toleo la muda mrefu wanasema siku hiyohiyo litahudumiwa mpaka lini. La Aprili 2022 walisema 2027, na mimi nimeandika 2027 kwa kalamu ya wino mzito kwenye kibandiko, chini ya ile namba ya mali ya Ulaya. Najua siku ya msiba, naweza kuchangisha mapema. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka 2024, itakayoanza kubana kikamilifu Desemba 2027, kwamba mwenye kuuza bidhaa yenye programu ndani yake aseme wazi wakati wa kununua huduma itakoma mwezi gani na mwaka gani. Nawashukuru. Kompyuta yangu ilishatoka Ulaya, lakini huenda nikiwaonyesha kile kibandiko watanikubali kama ndugu wa marehemu.

Ninyi mlinipa siku kumi na nne. Hata kibarua wa mashamba ya mkonge anajua mwisho wa mwezi ni lini.

Nimesikia pia ushauri wenu wa mwisho, ule wa kwenye barua: "boresha kifaa chako". Nimepiga hesabu. Kifaa kinachokubalika, na leseni yake, ni kopi nyingi sana za vyeti vya kuzaliwa. Na nikishakinunua, mtoto wa mwenzangu wa jirani atakuja kununua hiki cha zamani, atafungua steshenari yake mtaa wa pili, na wewe utakuwa na pengwini mwingine wa kumwandikia barua ya mapenzi. Kompyuta huku haifi kwa tangazo. Hufa ikiungua, tena mpaka fundi akubali.

Mwisho, naambatanisha kadi. Ni ya kukualika uje uketi kwenye benchi langu siku moja, Jumatatu ikiwezekana, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka nitakapopiga mstari kwenye kauntabuku. Chai ipo. Ni kopi ya ile yenye maua ya majivu, jina tumeliacha nukta kwa kuwa hatulijui, na maandishi mengine ni mwandiko wa yule mwalimu. Usije na mtu. Nimekuandikia singo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpendwa Mtumiaji